Mkaguzi na Faili Lisilofungwa Uzi

Angekuwa mtu mwingine aliyenidanganya, nisingeshtuka. Nimedanganywa tangu nikiwa binti, na majina ya walionidanganya ninayo yote kichwani, wa kwanza mpaka wa mwisho. Lakini Mkaguzi! Mpaka leo nikikaa nikafikiri, mwili unanisisimka.

Jina lake nalijua, la ubatizo na la ukoo. Siliandiki. Pale mtaani Majengo, hapa Songea, hakuna aliyemwita kwa jina, hata watoto walimwamkia "shikamoo Mkaguzi", naye akaitika marahaba kama vile ndivyo mama yake alivyomwita siku ya kwanza.

Ukaguzi wake ulianzia kwenye mahindi. Alikuwa mtu wa ghalani. Gunia likishushwa, yeye anasimama na bambo, kile chuma chembamba chenye mfereji, anachoma gunia mahali patatu: juu, katikati, chini. Punje zinatiririka kwenye kiganja, anazinusa, anachagua moja anaitia jinoni. Ikilia "ka!" imekauka. Ikikaa kimya, gunia linarudi kwa mwenyewe, hata kama mwenyewe ametoka nalo Namtumbo. Gunia lililopita alilifunga kipande cha uzi wa katani kwenye pembe. Lisilopita halikufungwa kitu.

Siku moja alimkataa Fidelis, kaka wa mke wake. Magunia yote. Fidelis akasema, "Shemeji, watu wanatutazama." Akamjibu, "Mahindi hayana shemeji." Mkewe hakumpikia siku tatu, Majengo nzima ikajua, yeye akala mihogo ya kuchoma barabarani huku anasalimia watu vizuri tu.

Alipostaafu, mikono yake haikujua pa kwenda. Ndipo ulipoingia wakati huu wa flashi. Watu walikwenda kwenye maduka ya muvi wakatiliwa filamu, wakifika nyumbani deki inaandika maneno ya Kizungu na kunyamaza. Au picha inakuja, sauti haiji. Au sauti inakuja, kioo cheusi kama chungu. Mkaguzi akaona kumbe huku nako kuna magunia mabovu. Akatoa rafu ya vyombo vya mkewe (mke alikuwa ameshafariki, Mungu amrehemu), akapanga deki tatu: moja kongwe ya kumeza CD, moja ya katikati, na moja ndogo nyeusi, mpya, ya kuchomeka flashi tu. Akaweka na runinga. Ukimpelekea faili, swali la kwanza lilikuwa, "Deki yako ni ipi katika hizi?" Akishajua, analijaribu faili lako kwenye deki inayofanana na yako, ili usiende kuaibika mbele ya wageni.

Mimi nimeishia darasa la nne, lakini alinielewesha mpaka nikaelewa. Kila faili lina mkia, zile herufi za mwisho wa jina. Watu wanatazama mkia wanasema hili deki itasoma. Mkaguzi anatikisa kichwa. "Mkia ni maandishi ya juu ya gunia tu, shemeji. Gunia linaweza kuandikwa mchele, ndani pumba. Mpaka uchome." Na hizi picha mpya, zinazoonyesha mpaka vinyweleo vya mtu, alisema ni nzito, deki za zamani zinazibeba kama mtoto aliyetwishwa debe la maji. Zinatembea kidogo, zinasimama, zinamwaga.

Uchomaji wake ulikuwa ule ule. Rimoti ikawa bambo. Anachoma mwanzo, anatazama kidogo. Anaruka katikati, anatazama kidogo. Anaruka mwisho. Ikilia pote patatu, anatoa uzi wa katani mfukoni, anaufunga kwenye kitundu cha flashi. Imepita. Mji huu ukikutana na flashi yenye uzi, huulizi tena.

Jambo la ajabu, mtu huyu aliyepitisha filamu nyingi kuliko nywele zake hakuwahi kutazama hata moja. Bi Zuhura wa Tunduru, aliyekuwa akiuza vitumbua mlangoni pake, alimchokoza kila siku.

"Mkaguzi, yule binti wa kwenye tamthilia, mwisho aliolewa?"

"Mwanzo analia. Katikati analia. Mwisho kuna shela. Ameolewa."

"Muongo wewe! Shela ni ya dada yake. Yeye amekimbilia mlangoni, anatazama tu."

"Mimi sikuchoma hapo."

"Basi usiseme ameolewa!"

Tulicheka mpaka Bi Zuhura akashika ndoo isianguke. Mkaguzi hakucheka. Alisema kazi yake ni kujua kama faili linakwenda, linakokwenda si kazi yake. Sikujua kuwa siku moja maneno hayo yatanirudia kama kofi.

Mwingine aliyemdharau alijuta. Agripina wa Msamala alimwoza kijana wake, akaletewa video ya harusi ile ya picha kali. Mkaguzi akaichoma, akasema sauti inachelewa nyuma ya picha, asiwaite watu. Agripina akasema mzee ana wivu, akawaita watu. Tulijaa sebuleni. Bibi harusi anafungua mdomo mbele ya padri, kimya. Tunasubiri. Wamefika kwenye kukata keki, kisu kimeingia, ndipo tunasikia, "Ndiyo, nakubali." Mjomba mtu akasema kwa sauti, "Kumbe aliikubali keki!" Agripina alizima runinga na uso ameuficha kwenye kitenge.

Ndiyo maana nasema, angekuwa mwingine.

Sasa mume wangu. Nitamwita Baba Skola, kama nilivyomwita. Alikuwa Mmatengo wa Litembo, kule juu milimani Mbinga, na Mkaguzi alikuwa rafiki yake tangu ghalani, ndiyo asili ya kuniita shemeji. Miezi michache kabla hajatutoka, mjukuu wetu Devota alikuja likizo na kamera ya chuoni kwao. Baba Skola akavaa shati la bluu, akakaa kwenye kiti uani, akamwambia, "Iwashe, uiache juu ya stuli, utoke. Nina maneno na nyumba yangu." Devota akatoka. Mimi nilikuwa sokoni. Baadaye akaitwa aizime, akaitia video kwenye flashi, kwenye kamera akafuta, kwani si yake. Mzee akanipa ile flashi mkononi. "Weka. Mtaitazama kwenye runinga."

Nikaiweka kwenye kopo la rozari. Nilidhani ni salamu za kawaida.

Alikufa ghafla, asubuhi, kikombe kiko mezani. Nyumba ikajaa. Kwetu msiba ukiingia, runinga inazimwa na kufunikwa, na ya kwangu alifunika Bi Zuhura kwa kitenge chake cha kijani, ikabaki hivyo mpaka arobaini. Na hapa nisifiche. Siku ya pili, saa ya uji, niliikumbuka ile flashi. Niliikumbuka kabisa, nikaona na kopo lilipo. Lakini nani angefunua runinga mbele ya waombolezaji? Wangesema mjane anatafuta muvi. Nikanywa uji. Wazee wakaniuliza tumzike wapi, kwao au hapa. Ilikuwa masika, barabara ya kupanda Litembo ilikuwa matope, gari la jeneza lingekwama. Nikasema hapa. Vijana wa mtaani, Damiani, Otmar, Ally na Gotfrid, wakachimba, tukamzika Mjimwema.

Baada ya arobaini kitenge kikaondolewa. Nikachomeka flashi kwenye deki yangu. Jamani! Alitokea mume wangu mzima, picha kali kuliko macho yangu mwenyewe. Niliona kovu la panga kwenye kidole. Niliona kifungo cha shati nilichokishona kwa uzi mweusi kwa sababu wa bluu uliisha. Nzi alitua gotini pake, akamfukuza. Mdomo unacheza, mikono inacheza, na sauti hakuna. Hata kukohoa hakuna. Nilipandisha sauti mpaka mwisho, deki ikanguruma tupu. Nililia kuliko siku ya mazishi.

Nikampelekea Mkaguzi. Akaipokea kwa mikono miwili. "Deki yako ni hii ya katikati," akasema, "sauti za aina mpya haizijui. Niachie, niijaribu kwenye hii nyeusi."

Kwa kawaida yake, ukiacha kitu chako unakifuata mwenyewe. Safari hii alikuja yeye, kwa miguu, Majengo mpaka Mjimwema. Nikamkaribisha kiti, hakukaa. Alisimama anautazama mlimao wangu.

"Sauti haimo, shemeji."

"Haimo kwenye deki, au haimo kwenye faili?"

"Faili lenyewe. Haikurekodiwa. Usihangaike nayo kwa watu wengine."

Akanipa flashi, bila uzi. Nikamwamini, ningeachaje? Sikumpelekea fundi, sikumpigia hata Devota. Mkaguzi akisema haikupita, haikupita.

Kwa miaka minne nilimtazama mume wangu bubu. Kila Jumapili nikitoka misa, nachemsha chai, nawasha. Kidogo kidogo nikaanza kumtilia maneno. Pale anaponyoosha vidole nikasema anahesabu watoto. Pale anapopiga kifua mara mbili, nikasema hapa ananishukuru mimi mke wake. Nikazoea. Nilikuwa nimeshayajua maneno yake yote, na yote niliyatunga mwenyewe.

Pasaka iliyopita binti yangu Skolastika akaja kutoka Makambako na deki mpya, ndogo kama kipande cha sabuni. Akaifunga, akaenda kununua mkate. Nikasema ngoja nimtazame mzee kwa deki ya leo. Nikachomeka.

"Hamjambo nyumba yangu."

Kikombe kilinidondoka. Sauti yake! Ile ile, yenye mkwaruzo. Nikapiga magoti mbele ya runinga. Akasalimia, akataja watoto mmoja mmoja, vidole vile kweli vilikuwa vya kuhesabu. Moyo wangu ukafurahi, nikasema nilijua. Kisha ikafika pale pa kifua.

"Nikifa, msinizike hapa mjini." Akapiga kifua, mara mbili. "Nipelekeni Litembo, nilale kwa mama yangu. Kwa mama yangu."

Nilichomoa waya ukutani. Sikuzima, nilichomoa. Miaka minne nakunywa chai mbele ya mtu anayeniambia sivyo, sivyo, nami natikisa kichwa kwa furaha.

Skolastika akaingia na mkate. "Mama, umeme umekatika?"

"Umekatika."

"Mbona taa ya jikoni inawaka?"

Siku tatu sikumjibu mtu. Ya nne nikaitia ile deki kwenye kikapu, nikaifunika kitenge, nikaenda Majengo.

Nilikuwa sijafika pale muda mrefu. Bi Zuhura alishahamia kwa mwanawe, mlangoni hakuna vitumbua. Ndani deki tatu ziko pale pale, zimelala vumbi, maana watu siku hizi wanatazama kwenye simu, hakuna anayeleta flashi kuchomwa. Mkaguzi alikuwa amekaa karibu na dirisha, jicho moja lina ukungu. Alinijua kwa hatua.

"Shemeji."

"Usiniite shemeji. Hii iliongea."

Nikaiweka flashi mezani. Akaipapasa, akagusa kile kitundu kisicho na uzi. Hakuuliza ni nini.

"Iliongea lini?"

"Pasaka. Kwako iliongea lini?"

"Siku ile ile," akasema. "Kwenye ile nyeusi. Nilichoma mwanzo, ikalia. Nikachoma katikati, nikamsikia anasema asizikwe mjini. Na wewe umeshamzika. Nikaona nikikupa sauti hii, nakupa mzigo utakaokufa nao. Nikachoma mwisho, nikamsikia anaita Devota njoo uzime. Nikatoa flashi."

"Ulisema mahindi hayana shemeji. Faili halina shemeji. Ulimnyima kaka wa mke wako mbele ya watu!"

"Nilisema."

"Na mimi je?"

"Siku ile lilikuwa na shemeji," akasema. "Ndiyo siku moja tu. Tangu hapo sikufunga uzi kwa moyo mweupe."

Nilitaka kumpiga, nisiseme uongo. Mzee yule, nilitaka kumpiga kwa kile kikapu. Halafu kichwani nikamsikia Bi Zuhura: shela ni ya dada yake.

"Mkaguzi. Katikati na mwisho, hapo kati ulisikiliza?"

"Sikuchoma hapo."

"Hata mimi nilichomoa waya."

Tukatazamana, yeye kwa jicho lake moja. Nikaifunga deki mpya kwenye runinga yake kama nilivyomwona Skolastika akifanya. Akanyoosha mkono kuchukua rimoti, kwa mazoea, kidole kikaenda kwenye kile kitufe cha kurukia. Nikamshika mkono. "Leo hatuchomi. Leo gunia lote tunalimwaga."

Tukakaa. Baba Skola akasalimia. Akahesabu watoto. Akapiga kifua, nikafumba macho lakini sikuziba masikio. Kwa mama yangu. Kisha kimya, nzi akaja, akamfukuza. Na mume wangu, marehemu mume wangu, akacheka!

"Hilo ndilo ninalotaka. Lakini namjua Mama Skola. Atatazama mvua, atatazama ule mlima, atawahurumia watakaobeba. Akisema hapa, basi ni hapa, na mtu asimnyooshee kidole. Ila mmoja wenu apande Litembo, asimame pale kaburini kwa mama, amwambie mwanao amelala Songea, hakupotea. Asije akakaa ananingoja. Haya. Devota! Njoo uzime."

Kioo kikawa cheusi. Nilisikia Mkaguzi anapumua kama mtu aliyeshusha gunia.

"Miaka minne," akasema.

Mimi nilikuwa nimelia, na sasa machozi yalikata yenyewe. Nilidhani nimesamehewa, na kweli nilikuwa nimesamehewa tangu akiwa hai, pale uani, mimi nikiwa sokoni natafuta dagaa. Lakini kule mlimani kuna mama ambaye hakuna mtu aliyekwenda kumwambia. Neno moja, la dakika moja, limekaa kwenye kopo la rozari, katikati ya woga wangu wa kufunua runinga na huruma ya mtu huyu.

Mkaguzi aliingiza mkono mfukoni. Siamini mpaka sasa, bado alikuwa na uzi wa katani. Akauweka mezani kando ya flashi, hakuufunga.

"Hii sijawahi kuijaribu," akasema. "Nilisema nimeijaribu, sikuijaribu."

"Basi funga sasa."

"Sifungi. Tukirudi." Akashika ukuta akasimama, magoti yakalia kama punje kavu. "Gari la Mbinga siku hizi linaondoka saa ngapi?"

"Wewe, kwa magoti hayo, utapanda Litembo?"

"Nitapanda. Wewe utamwambia kwamba amelala Songea. Mimi nitamwambia ni kwa nini tumechelewa."